Dr. Adrien Atiman: Tabibu wa Karema Aliyejua Thamani ya Kidonda Kidogo



Katika parokia zetu nyingi za Kasulu na Kibondo hakosekani mwamini anayekuja kanisani kwa magongo. Mara nyingine ni mama mzee ambaye wajukuu humsaidia kukaa benchi la nyuma. Mara nyingine ni baba aliyekuwa mkulima hodari wa maharage na mihogo, na sasa suruali yake imekunjwa na kufungwa chini ya goti. Ukiuliza habari zao, ni mara chache utasikia kisa cha gari au cha vita. Mara nyingi utasikia habari ya jambo dogo: mwiba, jembe lililoteleza, kiatu kilichobana, moto wa jikoni, malengelenge yaliyopasuka. Kilianza kidonda ambacho mtu angeweza kukifunika kwa kidole gumba. Kikaachwa, kikapakwa hiki na kile, kikanuka, na mwishowe mguu ukakatwa.

Kwa sababu hiyo tunapenda leo tuyasimulie maisha ya mtu ambaye Kanisa la ukanda wa Ziwa Tanganyika linapaswa kumkumbuka daima: Dr. Adrien Atiman, daktari na katekista, aliyefanya kazi Karema kwa takribani miaka 67 bila kuhama. Hakuwa padre wala bruda. Alikuwa mlei, baba wa familia, mtumwa wa zamani, na tabibu. Mafrateri wanaosoma gazeti letu wataona kwake mfano wa utume. Waamini wengine wataona pia somo la nyumbani, la beseni, sabuni na kitambaa safi.

Mtoto wa mto Niger

Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 huko Tundurma, kijiji kilicho kwenye mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa wa kabila la Watuareg. Wakamtenga na wazazi wake, wakamvusha jangwa la Sahara kuelekea kaskazini. Hakuwaona wazazi wake tena.

Sisi tunaoishi karibu na Ujiji tunajua vizuri safari za namna hiyo zilivyokuwa. Barabara ya misafara iliyotoka Ujiji kwenda Tabora hadi Bagamoyo ilipita kusini mwa vilima vyetu. Waliofungwa minyororo walichubuka vifundo na shingo. Waliotembea peku walipasuka nyayo. Aliyeshindwa kutembea kwa sababu ya kidonda aliachwa njiani, na mara nyingi huko ndiko alikofia. Kwa mtu wa msafara, mguu mzima ulikuwa uhai wenyewe. Mtoto Atiman alivuka jangwa kwa njia hiyo hiyo ya mateso, hata akafika kwenye mji wa Metlili, kusini mwa Algeria.

Hapo Metlili, mwaka 1876, Mungu alimfungulia mlango. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mababa Weupe, walimkomboa kwa fedha kutoka mikononi mwa aliyemmiliki. Shirika hilo lilikuwa changa bado, kwani lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers. Mtoto akapelekwa kaskazini, akalelewa pamoja na watoto wengine waliokombolewa, akafundishwa kusoma na kuandika, akafundishwa dini, na baadaye akabatizwa kwa jina la Adrien.

Shule ya Malta

Lavigerie alikuwa na wazo ambalo kwa siku zile lilikuwa jipya kabisa. Aliona kwamba wamisionari wa kutoka Ulaya walikuwa wakifa kwa homa kabla ya kufanya kazi ya kutosha, na kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe. Akaamua kuwachagua vijana wenye akili kati ya wale waliokombolewa utumwani, wasomeshwe udaktari, kisha watumwe kuwa madaktari-katekista. Mtu wa namna hiyo angeoa, angekaa na watu, angetibu miili yao na kuwafundisha imani.

Mwaka 1881 Atiman alipelekwa katika kisiwa cha Malta pamoja na wenzake, wakaishi katika taasisi iliyofunguliwa kwa ajili yao na kusoma udaktari katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho. Alisoma mpaka mwaka 1888.

Yafaa tukumbuke miaka hiyo ilikuwa ya namna gani katika historia ya utabibu. Mwaka 1867, Atiman akiwa mtoto wa mwaka mmoja hivi, daktari mmoja wa upasuaji aliyeitwa Joseph Lister alitangaza kutoka mji wa Glasgow njia mpya ya kutunza majeraha. Kabla ya Lister, madaktari wa Ulaya walikwenda kutoka jeraha la mgonjwa mmoja hadi jingine bila kunawa mikono. Usaha ulihesabiwa kuwa jambo la kawaida. Mfupa ukivunjika na kutoboa ngozi, dawa iliyojulikana ilikuwa kukata mguu, na karibu nusu ya waliokatwa walikufa. Lister alifundisha kwamba kuoza kwa jeraha kunaletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba vijidudu hivyo vikizuiwa, mguu hupona bila kukatwa. Alitumia asidi ya kaboliki kuosha mikono, vyombo na jeraha lenyewe.

Atiman aliingia chuoni wakati mafundisho hayo yanaenea. Alikuwa wa kizazi cha kwanza cha madaktari duniani waliofundishwa tangu mwanzo kwamba usafi wa mikono ya mtabibu unaweza kuokoa mguu wa mgonjwa. Na elimu hiyo haikubaki Ulaya kwa miaka hamsini kabla ya kutufikia. Ililetwa hadi ufukwe wa Tanganyika na kijana Mwafrika, mara tu alipomaliza masomo yake.

Safari ya kwenda Karema

Mwaka 1888 Atiman alipanda meli kwenda Zanzibar katika msafara wa Askofu Léonce Bridoux, aliyekuwa amewekwa kuongoza misheni ya Tanganyika. Bara kulikuwa na msukosuko, kwa kuwa mwaka huo huo watu wa pwani walianza kupigana na Wajerumani. Hata hivyo msafara ulipanda bara kwa miguu, na mwaka 1889 Atiman akafika Karema, upande wa mashariki wa ziwa.

Karema ilikuwa kituo cha Wabelgiji kilichojengwa mwaka 1879 kama boma, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mababa Weupe. Wamisionari wenyewe walikuwa wamefika Ujiji tangu Januari 1879. Huko Rumonge, kaskazini mwa Ujiji katika nchi ya Burundi ya leo, watatu kati yao waliuawa mwezi Mei 1881. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea pande zote mbili za ziwa. Upande wa magharibi Kapteni Léopold Joubert, askari Mfaransa aliyewahi kumtumikia Baba Mtakatifu, alikuwa akiwalinda watu dhidi ya wavamizi. Waliokimbia walitafuta hifadhi karibu na misheni. Walifika wakiwa na njaa, homa na vidonda.

Katika mazingira hayo Atiman alifungua kazi yake. Alioa binti wa Kibende aitwaye Agnes. Mungu aliwajalia mtoto wa kiume, Joseph, ambaye baadaye alipewa daraja takatifu ya upadre. Mtoto wa mtu aliyeuzwa sokoni akasimama altareni kutoa sadaka ya Misa. Tukilitafakari hilo vizuri, latosha peke yake kuwa somo la mafungo.

Askofu Bridoux alifariki mwaka 1890. Baada yake akaja Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza mpaka mwaka 1917, kisha Askofu Joseph Birraux, kisha Askofu van Sambeek. Ukaja utawala wa Wajerumani ukaondoka, ukaja wa Waingereza. Maaskofu na watawala walibadilika, tabibu wa Karema akabaki yule yule.

Kazi ya kila siku

Watu wakisikia habari za daktari mashuhuri hufikiria upasuaji mkubwa. Lakini katika zahanati za misheni za zama zile, foleni ya asubuhi ilikuwa kwa sehemu kubwa foleni ya vidonda. Kulikuwa na donda ndugu, kidonda kinachoanza kwenye muundi kwa mkwaruzo mdogo, kisha kinakula ngozi na nyama hadi kufika mfupani. Kiliwapata hasa watu wenye njaa, wanaotembea peku katika matope na nyasi. David Livingstone mwenyewe, aliyekuja kukutwa Ujiji mwaka 1871, alikuwa amelazwa miezi kadhaa huko Manyema kwa vidonda vya miguu ambavyo havikutaka kupona. Kulikuwa na buba, ugonjwa ulioenea sana Tanganyika hadi dawa za sindano zilipofika kwa wingi katika miaka ya 1920. Kulikuwa na ukoma unaoondoa hisia za mikono na miguu. Kulikuwa na majeraha ya mikuki, ya mamba na ya moto.

Na katika miaka ya 1890 likaja pigo jipya: funza. Wazee wetu wengi hudhani funza wamekuwapo tangu enzi na enzi. Sivyo. Walikuja na meli kutoka Brazil hadi pwani ya Angola mwaka 1872. Wakasafiri katika miguu ya wapagazi kupitia Kongo, wakafika Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kabla karne haijaisha walikuwa wamefika pwani ya Bahari ya Hindi. Watu hawakumjua mdudu huyu wala jinsi ya kumtoa. Waliacha aote ndani ya kidole, au walimchokoa kwa kijiti kichafu. Vidonda vikaungana, vikaoza, vidole vikakatika, na wengine wakapoteza miguu au hata maisha. Mdudu mdogo kuliko mbegu ya ulezi aliwalaza watu wazima, mashamba yakakosa wa kulima.

Jambo la kusikitisha ni kwamba tiba yake ilikuwa rahisi: sindano safi, mkono mtaratibu, maji na sabuni, kisha kitambaa. Hapakuhitajika dawa ya gharama. Alihitajika mtu wa kuinama kwenye miguu ya mwenzake kila siku na kuitazama.

Atiman alikuwa mtu wa kuinama namna hiyo. Alitibu wakristo na wasio wakristo, wageni na wenyeji. Aliwatibu wamisionari wenzake waliougua homa. Alisafiri kwa miguu na kwa mtumbwi kuwafuata wagonjwa walioshindwa kufika. Alijifunza pia miti na mizizi ambayo wenyeji waliitumia, bila dharau na bila kukubali kila kitu. Alitaka kujua ni ipi inayosaidia kweli. Alifundisha dini, kwa maana alikuwa katekista na hakuacha kuwa hivyo. Kwake yeye kazi zote mbili zilikuwa kazi moja.

Tusimpambe kupita kiasi. Alifanya kazi miaka mingi kabla ya penisilini, ambayo ilifika kwetu baada ya Vita Kuu ya Pili. Hakuwa na mashine ya picha za mifupa wala benki ya damu. Wagonjwa wengi aliowahudumia bila shaka walikufa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kwa kila daktari wa wakati huo. Lakini hali hiyo inatufundisha kitu. Pasipo dawa za kuua vijidudu mwilini, silaha iliyobaki ilikuwa utunzaji wa kidonda chenyewe: kukiosha, kuondoa nyama iliyokufa, kukifunika, kuinua mguu, kumlisha mgonjwa, na kufungua tena kesho kuangalia. Leo tuna dawa ambazo Atiman hakuziota, na bado miguu inakatwa, kwa sababu yale mambo ya msingi tumeyaacha.

Mwaka 1946 simulizi ya maisha yake kama alivyoieleza mwenyewe ilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka huo huo Kigoma ilifanywa kuwa vikarieti yake yenyewe, na Askofu van Sambeek aliyekuwa ameongoza kutoka Karema akawa askofu wake wa kwanza. Kwa hiyo sisi wa Kigoma ni watoto wa misheni ile ile aliyoitumikia Atiman. Kanisa na serikali walimtunuku nishani. Alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Hospitali ya jimbo huko Sumbawanga imepewa jina lake.

Kidonda kinavyofikia kukatwa mguu

Sasa tugeukie vilima vyetu. Kama Dr. Atiman angepita leo Makere, Kabanga, au barabara ya kwenda Kibondo, angeona nini?

Angefurahi kuona zahanati na vituo vya afya, Hospitali ya Kabanga inayoendeshwa na Jimbo, hospitali za serikali, na wauguzi vijana waliosoma. Angeona pia maadui wa zamani na adui mmoja mpya.

Adui mpya ni kisukari. Zamani ulihesabiwa ugonjwa wa watu wa mjini. Leo umo vijijini, na wengi wanao bila kujua. Sukari ikizidi mwilini kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu anapoteza hisia. Anakanyaga msumari asijue. Inaharibu pia mishipa ya damu, hivyo kidonda kinakosa damu ya kukiponya. Tena vijidudu hustawi. Mambo hayo matatu yakikutana, kidonda cha wiki moja kinaweza kufika mfupani. Na kwa kuwa hakiumi, mgonjwa anasema hakina neno. Hapo ndipo penye hatari. Tumezoea kuogopa kidonda kinachouma, lakini kwa mwenye kisukari au ukoma, kisichouma ndicho cha kukimbiliwa zaidi.

Tuna pia desturi zetu. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Kasulu inatupeleka jikoni, na wazee hunyoosha miguu karibu na mafiga. Mwenye ganzi ataungua nyayo asishtuke, na ataona malengelenge asubuhi.

Mtoto akivunjika mkono kwa kuanguka mwembeni, tunamfunga banzi na kukaza kamba. Nia ni njema. Lakini kamba ikikazwa kupita kiasi, damu haifiki kwenye vidole. Vidole vinakuwa baridi, vinavimba, vinabadilika rangi, mwisho vinakuwa vyeusi. Mkono uliovunjika kwa mchezo tu unaishia kukatwa. Ni hivyo hivyo kwa aliyeumwa na nyoka: kamba iliyofungwa kwa nguvu mguuni ikaachwa kwa saa nyingi inaweza kuleta hasara kubwa kuliko sumu yenyewe. Mgonjwa wa nyoka atulizwe, asitembezwe, kiungo kisichezeshwe, asichanjwe wala kunyonywa sumu, apelekwe hospitali haraka.

Na kuna yale tunayopaka: majivu, kinyesi cha ng'ombe, tumbaku, dawa ya meno, mafuta ya breki, unga wa kidonge cha rangi mbili. Kinyesi na udongo vina mbegu za pepopunda. Unga wa kidonge unaganda juu na kuficha usaha unaoendelea chini.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kwa faida ya familia zetu na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, tunayataja hapa mambo machache ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya.

Mtu akijikata, kwanza zuia damu kwa kubana kwa kitambaa safi. Nawa mikono yako kwa sabuni kabla ya kugusa. Osha jeraha kwa maji mengi safi, na kama maji ni ya mtoni au kisimani, yachemshe yapoe. Ondoa mchanga na uchafu unaoonekana. Funika kwa bandeji au kitambaa kilichofuliwa na kukauka juani, bila kukaza. Jeraha likiwa refu, likiwa na uchafu mwingi, au likitokana na msumari, panga, jembe au meno ya mnyama, nenda zahanati siku hiyo hiyo, na uulize habari ya sindano ya pepopunda.

Kila unapobadilisha bandeji, kama imeshikamana na kidonda, iloweshe kwanza. Ukiivuta kavu, unang'oa ngozi mpya iliyoanza kuota. Mguu wenye kidonda uinuliwe mtu anapokaa. Mgonjwa ale vizuri: maharage, dagaa, mayai, mboga na matunda, kwani nyama mpya haioti kwa ugali mtupu.

Dalili za kukimbilia hospitali ni hizi: uvimbe unaoongezeka, joto kuzunguka kidonda, harufu mbaya, usaha, weusi, wekundu unaopanda juu ya mguu, na homa. Kidonda ambacho kwa wiki mbili hakionyeshi kupungua nacho kipelekwe kwa mtaalamu. Kwa mwenye kisukari usingoje wiki mbili. Ni siku hiyo hiyo.

Mwenye kisukari atazame miguu yake kila jioni, juu, chini, na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama amwombe mjukuu. Avae viatu hata ndani ya ua, akung'ute viatu kabla ya kuvivaa, asiote moto miguu, asijikate sugu kwa wembe, na asiache dawa zake za sukari kwa sababu amejisikia nafuu. Mwenye baka lisilo na hisia kwenye ngozi apimwe ukoma mapema. Dawa za ukoma hutolewa bure, na ugonjwa hupona.

Tuseme pia neno la haki kuhusu kukatwa mguu. Kuna wakati mguu umeshaoza, na daktari akisema ukatwe, anaokoa uhai. Wapo ndugu waliomtorosha mgonjwa hospitalini usiku kwa kuogopa kisu, wakamrudisha baada ya siku chache akiwa hawezi kuokolewa. Aliyekatwa mguu hajalaaniwa wala hajarogwa. Ni ndugu yetu, na nafasi yake katika kwaya, katika baraza la parokia na katika familia haijakatwa. Tunachotaka ni kwamba wengine wasifike huko.

Somo kwa mapadre wa kesho

Ndugu mafrateri, sote tunaufahamu mfano wa Msamaria Mwema katika Injili ya Luka. Mara nyingi tunahubiri kuhusu huruma yake njiani. Tutazame pia utaratibu wake. Alisafisha majeraha kwa mafuta na divai, akayafunga, akambeba mgonjwa, akakaa naye usiku ule nyumba ya wageni, akamlipia mwenye nyumba, na akaahidi kurudi. Kuahidi kurudi ni sehemu ya tiba. Kidonda hakiponi kwa huruma ya siku moja. Kinadai mtu arudi kesho na keshokutwa.

Hapo tunamwelewa Dr. Atiman. Karama yake kubwa ilikuwa kubaki. Kwa elimu yake angeweza kutafuta maisha mengine mahali pengine. Alibaki kwenye kituo kimoja kando ya ziwa tangu ujana hadi uzee, akifungua na kufunga bandeji za watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mtu aliyewahi kuhesabiwa kama mali alitumia maisha yake yote kuonyesha kwamba mguu wa maskini una thamani mbele ya Mungu.

Kila Alhamisi Kuu tunawaosha miguu watu kumi na wawili. Mara nyingi tunachagua waliovaa viatu vizuri na kuosha miguu nyumbani kabla ya kuja. Mwaka ujao tuwaombe viongozi wa Jumuiya watuonyeshe pia miguu ambayo haiwezi kuja kanisani. Padre anapompelekea mgonjwa Komunyo nyumbani, haimpunguzii heshima yake kuuliza kuhusu kile kitambaa kilichofungwa mguuni tangu mwezi uliopita, na kuomba kifunguliwe. Pengine atatoka hapo akiwa amepanga na majirani nauli ya kwenda hospitali. Kazi hiyo nayo ni ya kichungaji.

Tunawaomba WAWATA na viongozi wa Jumuiya walipeleke jambo hili katika mikutano yao: waorodheshe wazee wenye kisukari walio katika kila Jumuiya, wawatembelee, watazame miguu yao, na wamjue mhudumu wa afya wa kijiji kwa jina. Beseni, sabuni na kitambaa safi vinapatikana katika kila kaya ya Kasulu na Kibondo. Dr. Atiman alianza na vitu hivyo hivyo.

Tumwombe Mungu ampumzishe kwa amani mtumishi wake Adrien, awafariji waliopoteza viungo, na atupe sisi macho ya kuona kidonda kingali kidogo.